Kadi Iliyobaki Drooni

Saa saba mchana watu walijazana mbele ya lifti ya jengo la madarasa, kila mmoja akilalamika kwa sauti yake. Fundi wa lifti hiyo mbovu alichomoza kichwa, ovaroli ya buluu imechafuka grisi, akamwona mwanamke wa gauni la kijani akielekea kwenye ngazi. Akaona amvutie kwa Kiingereza.

"Madam, I demand you to wait!"

Mwanamke akageuka. "Unanidai? Tangu lini?"

"Nakuomba, dada! Kwani nimekosea wapi?"

"Hapo hapo. Kwa Kifaransa neno hilo ni kuomba, kwa Kiingereza ni kudai. Umesomea Kifaransa, siyo?"

"Mpaka nikaota ndevu. Sasa kampuni inataka nifanye mtihani wa Kiingereza."

"Mimi ni mwalimu, ghorofa ya tatu. Njoo Jumatatu. Na uoge."

Alikuja ameoga, shati limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Mwalimu alifundisha kwa kadi: upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili pacha wake wa Kifaransa, muongo mkubwa. "Library" ni mahali pa kuazima vitabu, si duka la vitabu. "Attend" ni kuhudhuria, si kusubiri. Haukupita mwezi, simu zikaanza.

"Mpenzi, nimeku-attend tangu asubuhi."

"Umenisubiri, we mkaidi!"

Kadi moja tu haikutoka drooni, yenye neno "eventually". Kadi zote ziliandikwa na marehemu mume wa mwalimu, aliyefundisha ghorofa ya nne. Miaka mitatu nyuma, mvua ilimchelewesha njiani, akamtumia mkewe ujumbe kwamba atafika, "eventually", yaani hatimaye. Hakufika. Tangu siku hiyo mjane hakulitamka neno lile. Lifti nayo hakuipanda, maana ilikuwa na tabia ya kusimama ghorofa ya nne bila kuitwa, ikafungua milango, na hakuna mtu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Siku masomo yalipokwisha, fundi alimtumia ujumbe kwa Kiingereza: je, utakubali nikuoe? Mwalimu alikaa na simu nusu saa, akihisi mtu amesimama mgongoni pake, anasoma naye. Alimpenda fundi, hilo halikuwa na mjadala, ila alihitaji muda wa kumuaga yule wa mgongoni. Akajikaza, akaandika neno moja: "Eventually." Si leo, lakini bila shaka.

Fundi alilisoma kwa macho ya Kifaransa: labda, ikitokea. Alivunjika moyo kabisa. Hakupiga simu wiki mbili, akaomba uhamisho wa mbali. Na mwalimu aliwaza kwamba neno lile limemla na huyu wa pili.

Asubuhi ya mwisho kabla ya safari, fundi alikuwa ghorofa ya tatu akikaza skrubu za lifti. Mwalimu akamkuta.

"Hata salamu hakuna?"

"Nikusalimu nini, Mwalimu? Mtu nakuomba ndoa, unanijibu labda!"

"Labda? Nani kasema labda?"

"Neno lako! Éventuellement!"

Mwalimu alikimbilia darasani. Akarudi na kadi ile ya drooni.

"Hii sikukufundisha, nilishindwa. Kwa Kifaransa ni labda. Kwa Kiingereza ni hatimaye: jambo litakuwa, hata likichelewa. Ndilo neno la mwisho aliloniandikia marehemu. Yeye hakufika, nikakupa wewe neno hilo ulitimize."

Fundi aliisoma kadi pande zote mbili. Machozi yakamlenga.

"Nisamehe, mpenzi. Barua ya uhamisho naichana."

"Ichane nikiona."

Akaichana vipande vinne.

"Lifti imepona," alisema. "Tushuke?"

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, mwalimu akaingia. Fundi alibonyeza kitufe cha chini. Lifti ikapanda. Ghorofa ya nne milango ikafunguka: korido tupu, harufu ya chaki.

"Haiwezekani," fundi alinong'ona. "Nimebadilisha kila kitu." Akanyoosha kidole afunge milango, mwalimu akamshika mkono.

"Subiri kidogo," alisema. "Mwache aingie."

Milango ikajifunga yenyewe. Wakashuka, wamebanana upande mmoja, wakimwachia nafasi.