Nilizima Redio kwa Heshima

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, nimeolewa Kisondela, tunalima migomba na parachichi. Shule niliishia darasa la saba, nikikosea kupanga maneno mnivumilie. Sijui hata kama haya ni mkasa au ni mambo ya kawaida tu...

Ukweni kwangu mila inashikwa. Mkamwana hamtazami baba mkwe wala hamsemeshi. Nyumba zetu zimetenganishwa na migomba tu, lakini sauti yake niliijua kwa kikohozi. Akikohoa, najua anapita, nageukia ukutani. Naye alikohoa mapema ili nisiaibike. Alikuwa mwema, lazima niseme.

Alipofariki mama yangu mzazi nilikuwa kama gogo. Sikulia. Mume wangu, ambaye kazi yake ni Kiwira kwenye makaa ya mawe na nyumbani huja mwisho wa wiki, aliniletea redio ndogo na kadi ya nyimbo. Katikati ya zile za kurukaruka nikakuta mzee anaimba Kinyakyusa kwa gitaa, mvua inasikika juu ya bati. Aliimba habari za mtu aliyetoka shambani akakuta jiko limezimika... Siku hiyo nililia!

Nikawa nazipiga nyimbo zake kila siku jikoni, sauti juu, na usiku kitandani. Nilipoenda Kiwira nikamuuliza fundi aliyejaza kadi, huyu ni nani? Akanicheka. "Nani anashika majina, dada? Nyimbo siku hizi bwerere. Ukizichoka, unafuta."

Siku moja mama mkwe akaja kuomba chumvi, akasimama mlangoni ameshika kiuno. "Ee! Kumbe unamsikiliza baba yenu? Wifi yako alimrekodi barazani masika yale, akazisambaza kwenye simu za watu!"

Jamani, nilikufa ganzi! Sauti ya baba mkwe nimeiingiza jikoni kwangu, nimelala nayo kitandani! Huko si kumvunjia heshima? Sikujua nimuulize nani. Nikazima redio.

Mume wangu aliporudi akauliza mbona kimya. Niliona aibu kueleza. Nikamwambia nimezichoka. Akaichukua kadi, akairudisha ikiwa na nyimbo mpya, zile za mzee zimefutwa. Simlaumu, alitaka kunifurahisha. Simu ya wifi iliyomrekodi nayo ilishaibiwa.

Baadaye mzee akaugua, akalazwa hospitali ya Makandana. Mimi napika, mama mkwe anaingiza chakula, nami nangoja kwenye benchi nje. Kati yetu ni ukuta mmoja! Nilitaka apelekewe neno moja tu, ndaga, yaani asante. Nafungua mdomo, nafunga. Nikasema kesho...

Akafariki.

Msibani walikodi spika, zikapigwa nyimbo za Dar, watu wakacheza. Mimi nilikuwa nasugua masufuria. Sikusikia chochote moyoni.

Matanga yalipokwisha, tukiwa tunamenya ndizi, mama mkwe akanihadithia bila ubaya. Kumbe kila jioni mzee alikuwa anasogeza kiti chake kwenye migomba ili asikie sauti yake mwenyewe ikitoka jikoni kwangu. "Alitamba huyo, mwanangu! Anasema, 'Nina mpenzi mmoja wa muziki wangu, na sura yake siijui!'" Akacheka, akafuta macho kwa kanga.

Redio ilipokaa kimya, mzee alimuuliza mwanawe, yaani mume wangu, kulikoni. Mwanawe akamjibu kama nilivyomwambia: amezichoka.

"Mzee akasema, 'Haya, vijana huchoka.' Gitaa akalitundika, hakulishika tena."

Je, nililia? Hapana. Niliendelea kumenya ndizi.

Mila siilaumu. Hainikatazi kutuma salamu, na mama mkwe alikuwa anapita kwangu kila siku. Labda fundi naye hakukosea sana, maana ndivyo wote tulivyo: wimbo unakuja bure, tunadhani hauna mwenyewe.

Nawaomba, wasomaji. Wimbo ukikugusa, uliza ni wa nani. Ukimjua, mpelekee neno siku hiyohiyo, hata kwa mdomo wa mtu mwingine. Anaweza kuwa yuko ng'ambo ya migomba yako, anasikiliza kama bado unampenda...