Chupa Yenye Utepe wa Kijani

Watu walikuwa bado wanamshangilia Ridhiwani juu ya kilima cha Fukayosi Mtoro alipofika wa mwisho, akashuka kwenye baiskeli, akapiga hatua mbili, akaenda chini puu! Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Macho kayatoa, midomo inamtetemeka, na moyo unampiga mpaka jezi inaruka kifuani.

"Gari! Leteni gari!" Inspekta Arafa alipaza sauti. Alikuwa ametoka Bagamoyo na askari wake kuzuia malori ya barabara ya Msata ili majaribio ya baiskeli yapite salama, hakuja kupeleleza kitu. Mtoro akapakiwa, akakimbizwa hospitali, askari mmoja akiandamana naye. Daktari wa timu, Tarcis, akaichomoa chupa ya maji kwenye baiskeli ya mgonjwa, akachovya ndani kijiti cha kipimo cha haraka. Kijiti kikageuka rangi.

"Dawa ya kusisimua mwili," alisema. "Na aliyeitia hakuwa na huruma. Nyingi mno hii."

Chupa ilikuwa na utepe wa kijani. Pale kambini Mbegani kila mwendeshaji alikuwa na rangi yake. Nyekundu ilikuwa ya Mtoro. Kijani ilikuwa ya Ridhiwani.

Hapo shangwe ikageuka mayowe. Ridhiwani, kijana mwembamba wa Mkange, ndiye aliyekuwa ametoka kukipanda kilima kile akaivunja rekodi kwa karibu dakika nzima. Rekodi yenyewe ilikuwa ya kocha wao, Joachim, aliyeiweka enzi za ujana wake, na miaka ishirini haikuwa imeguswa. Na pembeni kasimama mgeni, wakala wa timu ya kulipwa ya Ulaya, aliyekuja kuchukua mtu mmoja tu na ndege yake ni ya usiku uleule.

"Si nilisema!" Feisal alifoka. Kabla ya Ridhiwani kutokea, yeye ndiye aliyekuwa akitamba vilimani. "Binadamu gani anapanda vile? Dawa hiyo!"

"Mpimeni mkojo," alisema Kocha Joachim, saa ya kupimia muda ingali mkononi. "Mpimeni sasa hivi."

Arafa alisikia damu inamchemka. Mwaka mzima anakimbizana na wezi wa simu na wezi wa mbuzi, leo kesi imemwangukia miguuni! Aliagiza pasiondoke mtu, akakiteka kibanda cha wauza mananasi kiwe ofisi yake. Koplo Vicky akamletea chupa ya maji baridi.

"Afande, kunywa, jua litakuua hili."

"Weka tu hapo, Vicky. Baadaye."

Wa kwanza kuingia alikuwa Somoe, mpishi wa kambi, mama wa makamo anayefuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Shikamoo, mama Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Nimekwisha mie!"

"Hujaisha. Nani alizijaza chupa?"

"Mie, jana jioni. Maji, asali, tangawizi, basi. Kocha akazifungia kwenye gari lake, na asubuhi kazigawa mwenyewe. Kama nimetia sumu Mungu ananiona!"

"Ridhiwani alikunywa nini asubuhi na wenzake?"

"Yule? Chai hagusi siku hizi. Ananiomba nimwekee kiporo cha wali jikoni, na mie nikiamka alfajiri naikuta sahani imeshaoshwa. Sijui analala saa ngapi mtoto wa watu."

Wa pili alikuwa Feisal. Aliingia kifua mbele, akakaa bila kuambiwa.

"Ulianza kupiga kelele za dawa wakati gani?" Arafa alimuuliza.

"Mara tu alipotokeza kwenye kona ya mwisho."

"Mtoro alikuwa hajaanguka. Chupa ilikuwa haijapimwa. Ulijuaje?"

"Kasi yake tu, afande." Lakini macho yake yalikuwa mlangoni, na kifua kilikuwa kimerudi ndani. Arafa aliona hapa pana jambo, akamwacha atoke.

Kisha akaingia Ridhiwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekunywa kwenye chupa yako?"

"Hata tone."

"Basi Mtoro aliipataje?"

"Ya kwake ilimponyoka kule chini tukisubiri zamu, ikamwagika yote. Nikampa yangu."

"Kwa nini wewe hukuinywa? Unakwenda kupanda kilima, unagawa maji?"

Kijana akainama.

"Na daktari anangoja mkojo wako tangu saa tatu. Hii ni saa tano. Unajua huko nje wanasemaje? Wanasema unavuta muda dawa ikutoke mwilini."

"Hautoki, mama. Wallahi nimejaribu."

"Kunywa maji basi, utoke!"

Vicky akamsogezea chupa nyingine. Ridhiwani aliitazama, akameza mate makavu.

"Weka tu hapo, dada. Baadaye."

Arafa akataka kufoka, akasita. Maneno yale kayasikia wapi? Kinywani mwake mwenyewe, palepale, asubuhi ileile! Akaitazama midomo ya kijana, mikavu, imefanya ukoko mweupe. Idi imepita juzijuzi, mwezi wa mfungo mosi haujafika hata nusu. Na kile kiporo, na ile sahani inayooshwa kabla ya alfajiri. Lahaula! Saa tatu nzima kitu kimemkalia puani, naye yumo humohumo!

"Vicky, tupishe kidogo." Mlango ulipofungwa akainama mezani. "Mwanangu, umefunga."

Ridhiwani akashtuka. "Sita za mfungo mosi, mama. Leo ya nne."

"Na ukakipanda kile kilima?"

"Ilikuwa asubuhi, mama. Daku bado ilikuwa tumboni."

Arafa alicheka asitake. Kisha akakasirika. "Wanataka kukuzika ukiwa hai, na wewe umefunga mdomo! Kwa nini husemi?"

"Kocha alitukataza. Alisema atakayefunga kabla ya majaribio kuisha anarudi kwao. Na nikisema sasa hivi, si wataona najificha nyuma ya dini? Mama, safari hii nimeiota tangu naendesha baiskeli ya baba miguu haifiki kwenye pedali."

"Sikiliza. Hiyo ni sunna, ukifungua unaweza kuifunga siku nyingine. Lakini usinywe bado. Utakunywa mbele yao."

Akatoka nje, akawaita wote wasogee: Tarcis, Somoe, Feisal, kocha, na yule mgeni aliyekuwa keshaanza kuangalia saa kila mara.

"Nataka shahidi," alisema. "Nani alimwona Ridhiwani akinywa kwenye chupa ile?"

Kocha Joachim akajitokeza.

"Mimi. Kambini, kumeshapambazuka, tunapakia baiskeli. Kainywa nusu mbele yangu."

"Una hakika, Kocha?"

"Kama ninavyokuona wewe."

Simu ya Vicky ikaita. Alisikiliza, uso ukamchanua. "Afande, ni askari wetu wa hospitali! Mtoro kazinduka, hajambo! Anasema chupa aliyopewa ilikuwa imejaa mpaka mdomoni."

Watu wakapumua kwa nguvu, Somoe akasema alhamdulillahi mara tatu. Arafa hakumwondolea kocha macho.

"Ridhiwani, waambie."

"Nimefunga," alisema kijana. "Tangu alfajiri sijaweka kitu kinywani."

"Uongo!" Joachim alipiga kelele.

"Kumbe ndiyo daku!" Somoe alijipiga paja. "Wallahi kile kiporo ndiyo daku yake, na mie nasema mtoto halali!"

"Sasa kunywa, mwanangu," alisema Arafa. "Ya sunna mtu anaweza kufungua, utaifunga siku nyingine."

Ridhiwani akapiga bismillahi, akaigida chupa nzima bila kupumua. Wakasubiri. Katika kusubiri kule, Arafa akamsogelea Feisal taratibu, akamuuliza swali lake lilelile, alijuaje. Feisal akatazama chini.

"Aliniambia Kocha, afande. Alfajiri, kabla hatujaondoka. Alisema leo Ridhiwani anakamatwa na dawa, akitokeza tu piga kelele watu wasikie. Mimi nilidhani anajua kitu. Sikujua kama Mtoro..."

Adhuhuri ikiadhiniwa kijijini, Tarcis alirudi na kijiti. Alikiinua juu kila mtu akione.

"Hakuna kitu! Kijana ni safi."

Pakalipuka vigelegele na nderemo, na wauza mananasi, ambao hata hawakujua kesi inahusu nini, wakajitosa wakicheza. Arafa alisubiri kelele zipungue.

"Chupa zililala kwenye gari lako, Kocha. Ukazigawa wewe. Ulijua atakamatwa kabla hajapanda, na umedai umemwona akinywa maji ambayo hakuyanywa. Mtoro nusura afe. Kijana huyu kakukosea nini?"

Joachim aliitazama saa yake ya kupimia muda.

"Sikutaka mtu aumie. Nilitaka apimwe, basi. Kila siku mazoezini namwona anaukaribia muda wangu, nasema huyu anatumia, lakini namkamataje? Nikaona nimtilie dawa mimi mwenyewe, itakuwa haki tupu, kwa sababu anatumia! Hakuna binadamu anayekipanda kilima hiki kwa muda ule bila kutumia kitu. Hakuna!"

"Unajuaje?"

Kocha akaishusha saa. Machozi yakamlenga.

"Kwa sababu nilijaribu, mwaka mzima," alisema. "Bila dawa nilishindwa."

Hapakuwa na aliyezomea. Feisal, aliyekulia kwa kuitaja rekodi ile, aligeuka akatazama barabarani.

"Basi wewe uliiweka kwa dawa," alisema Arafa, "na yeye kaivunja kwa kiporo cha wali."

Vicky akamtia kocha pingu, akampeleka garini. Yule mgeni akamwendea Ridhiwani, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba mkojo uliobaki utakwenda maabara kama kanuni zinavyotaka, lakini yeye keshachagua. Akampa mkono. Ridhiwani aliushika kwa mikono yake miwili, akalia waziwazi mbele ya umati, na mama Somoe akamfunika kwa khanga akilia kuliko yeye.

Vicky alirudi kibandani, akaikuta ile chupa ya asubuhi haijaguswa. Akamtazama bosi wake, akaitazama chupa.

"Afande! Na wewe?"

"Na mimi."

"Si umesema ya sunna mtu anaweza kufungua? Kunywa basi, kazi imeisha!"

"Hiyo ni yake," alisema Arafa, akaketi kivulini kungoja magharibi, koo limemkauka na moyo umejaa furaha. "Mimi nalipa faradhi, siku zangu za Ramadhani. Weka tu hapo, Vicky."