Mkono Uliorudi Nyuma

Jumamosi ile soko la Walatino pale mtaa wa Lake Street, huko ughaibuni, lilijaa hadi mlangoni, watu wakikung'uta theluji viatuni. Zadock alikuwa ametoka kazini hospitalini, sare ya unesi bado mwilini chini ya koti, akitafuta ndizi za kupika. Akasimama mbele ya meza ya vitabu.

"Hivi vya kanisa ni bure?"

Mwanamke aliyeketi pale akainua macho. Alivaa gauni jekundu la sufu na hereni ndefu za fedha.

"Si vya kanisa. Ni vya wasichana wa Kilatino. Wewe ni msichana?"

"Nikinunua nitakuwa?"

Akacheka mpaka hereni zikacheza. Aliitwa Maricela, mwandishi wa gazeti, binti wa watu wa Meksiko. Kila wiki aliwaandikia wasichana wa kwao, wale wanaoambiwa nyumbani wanyamaze na shuleni kwamba hawawezi. Aliwaambia, mtu akikudharau usimchekee. Nao walimwamini kama dada mkubwa.

Zadock alinunua kitabu, ndizi akazisahau.

Mapenzi yakakolea kwa simu.

"Umekula?"

"Bado, niko na wagonjwa."

"Nesi anakufa njaa! Nikuletee chakula, mpenzi?"

"Lete, na wewe usibaki."

Theluji ilikuwa haijaisha Mzee Nyakundi, baba yake Zadock, alipowasili kutoka Kisii. Alifikia kitongoji cha Richfield kwa binti yake, Kemunto. Zadock akampeleka Maricela akaonwe. Njiani alimwambia tu, "Mzee si wa maneno mengi." Alidhani mengine yatajieleza yenyewe.

Walipoingia, Mzee alikuwa akimuaga jirani, Alfred, aliyekuja kuazima koleo la theluji. Alimshika Alfred mkono kwa mikono yake miwili, akicheka. Maricela akafurahi. Akamwendea kama wanavyosalimiana kwao, mikono wazi, ambusu shavuni.

Mzee aliruka nyuma kama aliyekanyaga moto. Mikono akaificha mgongoni. Akaenda kuketi pembeni, uso dirishani, na hakumtazama tena mpaka wakaondoka.

"Ananichukia," Maricela alisema garini.

"Hapana. Ni heshima."

"Heshima ya kunikimbia? Jirani kapewa mikono miwili! Mimi nina ukoma?"

Simu ya Zadock ikalia. Nesi wa zamu hakufika, wanamtaka upesi. "Nitakueleza kesho, mpenzi wangu."

Kesho yake alilala kwa uchovu. Maricela hakungoja, akaandika: "Wasichana wangu, baba wa mpenzi wangu alinirudishia mkono nyuma. Mkono ukirudi nyuma, ondokeni." Hakutaja jina. Lakini Mkisii mwenye mchumba Mlatino mwandishi, Richfield nzima, alikuwa mmoja. Kufika Jumapili habari ilikuwa katika kila simu kanisani, na mtu akamtafsiria Mzee.

Mzee hakugomba. Alisema, "Nimemliza mtoto wa watu," akaomba tiketi yake isogezwe mbele. Akarudi nyumbani.

Kemunto ndiye aliyempigia Maricela.

"Wifi, hukuambiwa? Kwetu baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe. Angekupa mkono ungekuwa mgeni tu, kama Alfred. Alipokukimbia alikuwa amekwisha kukukubali, na mahari bado."

Maricela akaketi sakafuni na simu sikioni.

Aliandika tena, "Nilikosea mimi," na wasichana wengine wakamtukana kwamba mwanamume amemlegeza. Hilo alilivumilia. Zadock ndiye hakuvumilika, maana hakupokea simu. Siku alipopokea alisema, "Maelfu uliwaambia. Mimi ukashindwa kuniuliza?"

"Nawe ukashindwa kuniambia?"

Wakaachana hivyo, kila mmoja na haki yake, na haki haipashi mtu joto.

Mvua za masika zikiwa kubwa Kisii, moyo wa Mzee ukasimama. Yale maandishi ya Maricela ya kuomba msamaha Kemunto alikuwa bado hajamsomea.

Watu wakakusanyika Richfield, nyumbani kwa Kemunto, kwa maombi. Maricela alifika amevaa nyeusi, bila hereni, akasimama mlangoni kama mkosaji. Minong'ono ikapita. Kemunto akamtazama, macho yamevimba.

"Unasimama nini? Mke wa nyumba hii hakai na wageni. Chai inapoa."

Maricela akavua koti. Akagawa chai, kikombe kwa kikombe, mpaka akamfikia Zadock pembeni.

"Nani amekwambia ugawe?"

"Dada yako."

"Basi umekwisha. Hapa hutoki tena."

"Unanitaka bado?"

"Nakutaka. Lakini sijui kama nitaweza kukuangalia bila kumkumbuka."

"Basi tumkumbuke wote wawili."

Zadock alikuwa hajalia tangu habari ifike. Akapokea kikombe, akakiweka chini, akalia mbele ya watu wote, na Maricela akasimama hapo hapo karibu naye mpaka alipomaliza.