Mto Nyuma ya Samaki

Samaki walianza kujigonga kwenye kioo mchana mmoja Félicité alipokuwa amechoka, lakini siku hizi ni lini hakuchoka? Darasa lake pale Kabondo lilijaa watoto mpaka mlangoni, na akirudi nyumbani hakutaka kusikia hata kijiko kikianguka. Sasa samaki nao, tup, tup, tup.

Tangi lile la samaki alilitengeneza mumewe Léon, kwa vioo vya dirisha na gundi, kabla hajazama na mashua karibu na Yanonge. Mwili haukuonekana. Kwao Léon, watu wa mto, aliyezama hatundikiwi picha ya matanga mpaka maji yamrudishe. Félicité, mtu wa Maniema, alisubiri, akachoka kusubiri, akafanya matanga ya mjini: viti vya kukodi na turubai kubwa lililochapishwa uso wa Léon na mto nyuma yake. Mama mkwe wake, Koko Marie-Jeanne, hakukanyaga pale. Alisema mwanawe bado anatafuta njia.

Jirani yao Viviane ndiye aliyeeleza habari ya samaki. Wanaona ukutani mijusi wakikimbia, akasema, wanaogopa. Nyuma ya kioo wekeni kitu. Alishauri plastiki nyeusi. Félicité aliiona kama jeneza. Binti yake Benie alitaka picha ya bahari kutoka kalenda, yenye samaki wekundu, mama akamwambia samaki wa hapa watajiona wageni kwao wenyewe. Hapo ndipo alipolikumbuka turubai. Alikata kipande cha mto mtupu, uso akaukunja kwa heshima akauweka mbali, kisha akaubandika ule mto nyuma ya tangi. Kitu kizuri kupotea bure, kwa nini?

Samaki walitulia. Walitulia mno: wote waligeukia ule mto wa kuchapishwa, wakakaa wanautazama.

Kisha nyumba ikaanza kunuka tope. Umeme ulikatika mchana kutwa, pampu ya hewa ya tangi ikazima, lakini viputo viliendelea kupanda ndani ya maji. Nywele za Benie zikawa zinalowa bila mvua. Félicité aliona, akasema atauliza akishapumzika, na wakati wa kupumzika haukuja.

Adhuhuri moja alirudi mapema, akausikia ukimya kabla hajavua viatu, akaita na hakuna aliyeitika, akaingia sebuleni huku harufu ya tope ikizidi, na pale akamkuta Benie amepanda juu ya kiti, kichwa kizima kimezama tangini, mikono inaning'inia kwa utulivu wa mtoto anayebembelezwa, na samaki wamejipanga kumzunguka uso bila hata mmoja kutikisa mkia. Akamvuta. Mtoto hakukohoa.

"Papa yangu iko mule nyuma ya samaki," Benie alisema taratibu. "Anasema niingie, atanionyesha njia."

Na kutoka ule mto, chini chini, sauti ya Léon ikamwita: Féli. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Aliogopa, na bado aliona raha kuisikia. Aibu ile aliijua yeye peke yake. Alisogea mpaka pua ikagusa kioo, ndipo alipokumbuka amemshika mtoto.

Papa Rachidi, mganga mwenye asili ya Maniema aliyeishi mjini humo, aliitwa akafika jua halijatua. Alifukiza udi, akasoma, akasikiliza maji. Alipozungumza alinong'ona.

"Iyi si bwana yako, mama Benie. Ni jini ya mayi, imevaa sauti ya marehemu. Kisomo yangu itaitikisa tu. Kila mutu mwenye anaiita kwa jina ya Léon, ni yeye tu anaweza kuinyima ile jina. Umunyime."

Félicité hakuwahi kukitamka kifo cha Léon, hata siku ya matanga.

"Wewe si Léon," akasema. "Léon alishakufa."

"Féli, nimechoka kuogelea."

Hata yeye alikuwa amechoka. Akapiga moyo konde, akarudia, safari hii akilia. Maji yakashuka tangini kana kwamba mtu ametoka ndani yake, na nyayo zenye tope zikajichora sakafuni, moja baada ya nyingine, mpaka mlangoni na nje. Papa Rachidi akalibandua turubai akalichoma uani. Benie akalala, nywele kavu. Félicité akalala palepale kitini, usingizi wa kwanza wa kweli tangu awe mjane.

Asubuhi simu ikamwamsha. Alikuwa Koko Marie-Jeanne kutoka Yanonge, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mama Benie, sikukuambia? Léon amefika. Hapana kukauka, mayi inamutoka tu, lakini ni yeye. Anasema ulimufukuza. Mimi sikukasirikii, mwanangu. Bon, tuko tayari ndani ya mutumbwi, tunapanda kwenu. Anakuja kuchukua mutoto yake."

Félicité alimkumbatia Benie kwa mkono mmoja, akamsihi mama mkwe wake, akamweleza yote, sauti, kichwa majini, jini.

"Mama, tafadhali. Mugeukie, umuambie yeye si Léon. Ni wewe tu unaweza."

Kwenye simu kasia likachota maji, likachota tena.

"Mimi nilimuzala," bibi akasema. "Nitamunyima jina namna gani?"