Shule ya Watoto wa Wengine

Mkono wa mfuko ulikatika katikati ya stesheni ya Leeds, watu wakikimbilia treni za jioni, na madaftari ya wanafunzi wa Mwalimu Lorna Hebblethwaite yakatapakaa sakafuni. Aliyeinama kumsaidia alikuwa kijana mrefu, koti la sufu, viatu vinang'aa.

"Huyu mwandiko wake kama wangu," alisema, akishika daftari moja. "Mpe pole."

"Wewe ndiye wa kupewa pole, bwana mkubwa. Umekanyaga jingine."

Akacheka, na Lorna akaisha kwa mapenzi. Jina lake Crispin Fanshawe, kazi yake London, "mambo ya elimu." Kwa miezi minane walipigiana simu kila siku, na kila Ijumaa Crispin alipanda treni wakala samaki na chipsi, Lorna akimtania kwa lafudhi yake ya kifalme.

Septemba, shule ya Lorna ikachukuliwa na taasisi mpya ya kuendesha shule. Siku ya kufungua kukawa na makoti mapya yenye nembo, tai shingoni, wimbo wa Kilatini ambao hata mkuu wa shule hakuuelewa, na amri ya kutembea kimya koridoni. Mtaalamu aliyebuni yote hayo akapanda jukwaani. Crispin! Tena akamkonyeza.

Simu ililia mchana.

"Mpenzi, umeonaje? Nilitaka kukushtukiza."

"Umenishtua kweli. Kelsey wa darasa langu amerudishwa getini analia, eti koti lake halina nembo."

"Ndiyo nidhamu hiyo, Lorna. Nataka wapate nilichopata mimi."

"Ulipata nini? Darasani mlikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Mimi ninao thelathini na wawili, na paa linavuja! Mlikuwa na maabara, bwawa la kuogelea, walimu wa kumwaga. Katika yote hayo ukaona utuletee tai na Kilatini? Huna hata haya!"

Akamkatia. Wiki tatu hakupokea simu yake, ingawa kila ilipolia moyo ulimruka.

Jumamosi moja Crispin akabisha hodi nyumbani kwa Lorna, ameloa chapachapa, maua mkononi.

"Nimeifuta ile amri ya makoti. Kelsey avae koti lolote. Nisamehe, mpenzi."

Akapiga goti, akatoa pete ya bibi yake. Lorna akalia, akaivaa, wakakumbatiana.

"Mama kafurahi huyo!" Crispin alisema, akipangusa machozi. "Kasema siku tu mtoto wetu akizaliwa, anapiga simu shule ya kulipia niliyosoma mimi kumwandikisha. Kwetu ndivyo tufanyavyo, vizazi vitano sasa."

Lorna akajitoa mikononi mwake. "Kwa nini asisome kwangu?"

Crispin akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Lorna, tuseme ukweli. Pale?"

"Pale, ndiyo! Shule uliyoipanga wewe, kuanzia tai mpaka wimbo. Inamfaa mwanao au haimfai? Nijibu!"

Crispin akatazama zulia. Lorna akangoja, akitamani kwa roho yake yote aseme inamfaa.

Akaivua pete, akamwekea kiganjani.

"Nakupenda, Crispin, Mungu anajua. Lakini siolewi na mtu anayewapangia wanafunzi wangu kitu asichothubutu kumpa mwanawe."

Akamfungulia mlango. Alipoufunga ndipo akalia, akaketi palepale sakafuni.