Mnyororo wa Pili

"Quetzal mia sita kwa kuvuta ratili mia moja arobaini na mbili? Tat Catarino, hata padre haombi sadaka ya kiasi hicho!"

"Basi nenda kwa padre akuvutie!"

Catarino Ixcoy alibwaga koleo juu ya meza, noti mbili za mia alizokuwa ameziweka mama aliyekuja kukodi trela zikaruka na kutua karibu na ukingo. Hakuna aliyeziokota. Ilikuwa saa tisa alasiri, na ua wa karakana yake pale Salcajá ulinuka chuma kilichotoka kuchomelewa.

Hasira za Catarino zilikuwa karibu, mji mzima ulijua. Lakini ulijua pia kwamba kazi ya matrela alijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu na kurekebisha, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwambia usoni kwamba amempunja hata nati moja. Hilo alipenda kulisema. Alilisema mara nyingi mno, pengine.

"Nan, mama yangu, nisikilize," alisema, akijaribu kushusha sauti. "Mzigo wa ratili hizo unapanda nao basi. Kondakta anaufunga kwenye paa, unakwenda zako Nahualá. Hili hapa ni trela la ekseli mbili. Linabeba gari zima. Wewe unataka kubeba nini?"

"Nataka trela."

"La nini?"

"Lenye minyororo miwili."

"Matrela yangu yote yana minyororo miwili! Unaniona mimi mwizi?"

"Sijasema hivyo, tat."

Jina lake Hermelinda Tahay. Alikuwa mfupi, kajifunga shali nyeusi, na kifuani kakumbatia furushi dogo kama mtu anayenyonyesha. Macho yake yalikuwa makavu. Yalikauka kama kisima kilichotekwa mpaka tope.

"Na hizo ratili umezijuaje hata zile mbili za mwisho?"

"Alijipima mwenyewe sokoni. Kwenye mizani ya kabichi. Wenzake wakamcheka, wakasema kabichi zina bei kuliko yeye."

"Nani huyo?"

"Mwanangu. Wenseslao."

Kila mtu wa biashara ya kuvuta magari alikuwa amesikia. Siku kumi na tisa zilizopita, kwenye mteremko wa mlima uitwao Alaska, kule juu kwenye ukungu, kijana wa Nahualá alikuwa akivuta gari dogo alilotoka kununua. Trela likaachia. Likamsukuma yeye na pikapu bondeni.

"Pole sana, nan. Lakini... si mlishamzika?"

"Mwili tuliuzika. Yeye bado amekaa pale." Alisema kama mtu anayesema basi limechelewa. "Kila nikilala ananiambia, mama, siwezi kuja kwa miguu. Nikaenda kwa msoma mbegu. Akazimwaga, akazihesabu, akaniambia: roho yake imeganda pale trela lilipoachia, na haitaondoka ila kwa trela lisiloachia."

Catarino hakucheka. Alipokuwa na miaka saba alitumbukia mtoni, akaugua wiki nzima, mpaka mama yake alipokwenda pale pale ukingoni na shati lake, akaipiga nayo ardhi huku akimwita kwa jina. Jioni hiyo alikula. Mtu akishtuka sana, kipande chake hubaki palepale. Lakini kipande hicho kuvutwa na trela? Hilo hakuwahi kulisikia.

Aliokota noti mbili, akazitia mfukoni.

"Mia mbili. Na nitaendesha mimi."

"Ulisema mia si..."

"Nimesema mia mbili! Usinifanye nirudie!"

Alirudisha pikapu yake kinyumenyume mpaka kwenye trela. Hermelinda alisimama karibu, akitazama kila kitu.

"Liliachiaje, tat? Polisi wanasema ni haraka zake. Haraka ndiyo nini?"

Catarino alipiga magoti. Hapa ulimi wake ulikuwa mwepesi, kwa sababu hapa ndipo alipojua. Alimwonyesha gololi ya chuma nyuma ya pikapu, kubwa kama ngumi ya mtoto, na kikombe cha trela kinachoifunika.

"Kikombe hiki ni cha inchi mbili. Gololi nayo iwe ya inchi mbili. Kuna nyingine ndogo kidogo tu, jicho halioni tofauti. Ukiifunika, inafunga. Inasikika klak, unafurahi. Kumbe inakudanganya. Ukifika kwenye shimo, kikombe kinaruka."

"Pikapu aliazima kwa binamu yake."

"Basi hakusoma namba iliyopigwa juu ya gololi. Wengi hawasomi."

"Ndipo minyororo inapofanya kazi."

"Ndipo." Aliishika yote miwili, akaipishanisha chini ya kiungo, wa kushoto kulia, wa kulia kushoto. "Inapishana hivi. Kama mikono ya mtu aliyempakata mtoto. Kikombe kikitoka, mkono wa trela unaangukia humu, hauigusi lami. Unasimama taratibu, unashuka, unalaani, unafunga upya. Hakuna anayekufa."

"Na ukiwa mmoja?"

"Mmoja haupakati kitu."

Lilimtoka haraka, bila kufikiri. Hermelinda alimtazama. Kisha akapanda kwenye pikapu.

*

Walifika Alaska saa kumi na moja kasoro. Ukungu ulikuwa umeshashuka, mzito, una harufu ya misonobari na moshi wa kuni. Catarino aliegesha pembeni. Kulikuwa na msalaba mdogo wa mbao, vioo vilivyosagika, na mfereji mmoja katikati ya lami, mrefu kama hatua arobaini.

Aliujua mfereji ule ni wa nini. Ni mkono wa trela, umeanguka na kulima barabara.

Hermelinda alifungua furushi. Mishumaa, ubani, chupa ndogo ya pombe. Na shati la samawati, limepigwa pasi. Moshi wa ubani ulipanda, ukachanganyika na ukungu. Alipiga ardhi kwa shati. Mara moja. Mara mbili.

"Wenses! Inuka, baba. Usikae hapa kwenye baridi. Mama amekuja na trela. Twende nyumbani."

Catarino alisogea pembeni, asimsikilize mtu anapolia. Mguu wake ukagusa kitu kwenye nyasi.

Mnyororo.

Aliinama. Ulikuwa na urefu wa mkono, umekatika mwisho mmoja, na mwisho wa pili una ndoano iliyopakwa rangi ya buluu. Ni yeye tu aliyepaka ndoano zake buluu.

Alianza kutafuta wa pili kwa mguu. Alipekua nyasi, akapekua mfereji wa maji, huku akijua hautakuwapo. Kwa sababu sasa alikumbuka. Kijana mwembamba, kofia kichwani, vicheko vingi. Alilipia minyororo miwili ya trela lake. Bunda la mnyororo wa kukata likaishia kwenye wa kwanza. "Pitia Jumamosi uchukue wa pili," Catarino alimwambia. "Barabara unaijua, siku mbili tatu si kitu." Naye kijana akacheka. "Usinisahau lakini, tat Catarino."

Jumamosi hakuja. Catarino hakujiuliza. Bunda jipya lilikuja, akalikata, akaliuza.

Nge...

Aligeuka.

Nge... eeee...

Ilikuwa sauti ya springi. Trela lilikuwa tupu. Lakini mkia wake ulikuwa ukishuka, polepole, kama unavyoshuka mtu anapokalia ukingo.

Ulishuka. Ukatulia.

Hermelinda alikunja shati, akaliweka kifuani.

"Amepanda," alinong'ona. "Twende."

*

Mteremko wa kwenda Nahualá ni kona juu ya kona. Kwenye kona ya pili Catarino alihisi usukani unamtoka kidogo. Kushoto. Kulia. Trela lilikuwa linatikisa mkia.

Alijua sababu. Kila mvutaji anaijua: mzigo ukikaa nyuma, mkono wa mbele unapungua uzito, na trela linaanza kuongoza gari badala ya gari kuliongoza trela. Hufungi breki. Unatoa mguu kwenye mafuta na kushika usukani imara. Alifanya hivyo.

Kushoto... kulia... kushoto...

Ratili mia moja arobaini na mbili haziwezi kufanya hivi. Haziwezi! Tairi zilipiga kelele. Ukingo wa bonde ukapita dirishani, karibu sana. Ndani ya pikapu kulinuka mpira ulioungua, na kabichi mbichi.

"Nan," alinong'ona. "Amekaa nyuma. Mwambie... mwambie asogee mbele."

Hermelinda alishusha kioo. Ukungu ukaingia. Akatoa kichwa, na kwa sauti ile ile ambayo mama humwambia mtoto asogee kwenye mkeka, akasema:

"Sogea mbele, mwanangu. Sogea karibu na mama."



Kisha mbao zikalia. Hatua moja. Ya pili. Ya tatu, karibu kabisa. Mkia wa pikapu ukadidimia kidogo, na trela likanyooka kama uzi.

Catarino hakuangalia kwenye kioo. Alijua kwamba akiangalia ataona kofia.

Kando yake Hermelinda aliegemeza kisogo kwenye dirisha la nyuma, palepale, ngozi kwenye kioo. Sasa ndipo machozi yalipomjia. Catarino naye aliona barabara ikifumba na kufumbuka, akajipangusa kwa mkono, akaulaani ukungu.

*

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mezani jirani alikuwa ameandaa kahawa na tamale mbili, mikate ya mahindi iliyopikwa ndani ya majani, zinafuka moshi, na kiti kimoja kimevutwa nje. Mchana ulikuwa unaisha.

Hermelinda alifungua ubao wa nyuma wa trela.

"Teremka, baba. Umefika."

Springi haikulia.

"Wenses. Chakula kinapoa."

Catarino alisogea na tochi. Mbao zote zilikuwa zimelowa ukungu, zinang'aa. Zote, isipokuwa sehemu moja mbele kabisa, upana wa mtu aliyeketi. Hiyo ilikuwa kavu.

"Wenseslao!" Sauti ya mama ilipasuka. "Nimekuita mara tatu. Mbona huteremki?"

Akainamisha kichwa upande, kama anayesikiliza maneno ya mtu anayesema chini chini. Kisha akatia mkono ndani ya shali na kutoa kipande cha boksi la vijiti vya kuchomelea. Kilikuwa na doa la kahawia. Akakiweka kwenye mwanga wa tochi.

Mwandiko ulikuwa wa Catarino. *Minyororo 2, imelipwa. Mmoja Jumamosi.*

"Kilikuwa mfukoni mwa shati," alisema Hermelinda.

Kwa hiyo hakubahatisha karakana. Alikuwa amelijua hilo tangu saa tisa, pale alipoulizwa kama anamwona mwizi.

"Nan... mimi sikumpunja. Bunda liliisha. Nita... kesho asubuhi nitauleta, mpya, mnene kuliko..."

Hakumaliza. Kesho ilikuwa ng'ambo ya mlima, na huko ndiko alikopaswa kurudi sasa hivi, peke yake, gizani, kwa njia ile ile. Hapa Nahualá minyororo ilikuwa miwili tu, ile iliyopishana chini ya kiungo chake; akitoa mmoja, angerudi mlimani na mmoja. Alipiga magoti haraka. Afadhali alilaze trela hapa, arudi na pikapu tupu. Akavuta mpini wa kikombe.

Haukunyanyuka. Ulikuwa umekandamizwa kana kwamba juu yake kuna gari zima.

Chini, karibu na goti lake, mnyororo mmoja ulitikisika. Wa pili ulikuwa umetulia tuli.

Kling.

Hermelinda alisimama juu yake, shati la samawati mkononi. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, na chakula kilikuwa kinapoa.

"Mpe mnyororo wake, tat."