Kisanduku Kilichojijibu

Kisanduku kilifunguka, kikauliza, kikafungika, na Herieth hakuwa amegusa jibu lolote. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshakumbatia tena kikombe cha chai, maana ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba haina adabu.

Alisonya. Akakifungua tena. Kisanduku kikatokea katikati ya kioo na swali lake: "Ng'ombe huyu aondolewe?" Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Kabla hajakifikia kipanya, kitufe cha Ndiyo kikabonyea chenyewe, kikafifia rangi kama kidole kimekikandamiza, na kisanduku kikatoweka.

"Mjinga wewe," aliiambia kompyuta.

Kisanduku hicho alikitengeneza kwa mkono wake. Vile vinavyokuja tayari hakuvipenda. Vilikuwa vya kijivu na vilisema maneno ya watu wengine. Programu yenyewe ilikuwa ya Mathias, daktari wa mifugo mwenye duka la dawa mjini. Ndani yake kulikuwa na ng'ombe, chanjo zao na majina ya wenye ng'ombe. Ng'ombe akifa au akiuzwa, anaondolewa. Herieth aliijenga nyumbani kwao Milanzi, katika chumba ambacho kaka yake Isdori alikuwa amekimaliza karibuni. Na alikosea jambo moja ambalo walimu wake wa chuo walimkataza mpaka wakachoka: aliijaribia kwa orodha ya kweli, ileile Mathias aliyoiona dukani kwake. Alikuwa na haraka. Hakutunga ng'ombe wa bandia.

Akatafuta kosa. Alijua mahali pa kuanzia. Kila kisanduku kina msikilizaji ndani ya msimbo, kipande kinachongoja kitufe kiguswe ndipo kifanye kazi. Aligundua kwamba kila kisanduku kilipofunguka, programu iliweka msikilizaji mpya bila kumwondoa wa zamani, hivyo mguso mmoja ulisikiwa mara nyingi. Akarekebisha. Akagundua pia kwamba mguso uliolenga kisanduku ulipenya na kugusa vilivyokuwa nyuma yake. Akauzuia. Kisha akajaribu, na Ndiyo ikabonyea tena.

Sasa hasira zikampanda. Aliandika mstari wa kumnasa: kila kitufe kikiguswa, programu ieleze ni kitufe gani na kimeguswa na nini, kipanya au kibodi. Akafungua kisanduku, akarudisha kiti nyuma, akasimama mbali, mikono kwapani.

Kisanduku kikajijibu. Programu ikaandika: "Kitufe: Ndiyo. Chanzo:" na mbele ya neno chanzo hapakuwa na kitu.

Ndipo alipoisikia harufu ya makaa na chuma cha moto. Ndipo pia alipotambua kwamba nyayo zake, zilizokuwa peku, hazisikii baridi. Sakafu ilikuwa ya vuguvugu.

Shija alifika siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri. Alikuwa mfugaji, Msukuma aliyehamia bondeni na wazazi wake angali mtoto. Hakukubali kiti.

"Dada, ningeweza kuja na fimbo. Sikuja nayo."

"Kuna nini, kaka Shija?"

"Daktari Mathias kanionyesha orodha yenu. Ng'ombe wangu wanne hawamo. Nikamwambia hawamo kweli, wamekufa jana. Akaniuliza wewe ulijuaje. Na mimi nakuuliza, ulijuaje?"

Herieth aligeuka kuitazama kompyuta.

"Tumewapasua," Shija alisema, akishusha sauti kama aliyeingia kwenye msiba. "Ngozi nzima, haina jeraha. Ndani wameungua. Kama waliokula makaa. Watu wananiambia, si ulitaka kukaa Sumbawanga, basi ndiyo hiyo. Miaka yote nimewabishia. Nimewaambia ninyi Wafipa ni watu kama sisi."

"Mimi si mchawi!"

"Sijasema. Nimesema ng'ombe wangu wamekufa. Waliobaki wako hai mpaka sasa. Usiwaguse."

Alipoondoka, Herieth aliubamiza mlango, na haikuwa kwa hofu. Alikuwa amesoma Dar es Salaam, na kule kila alipotaja kwao, mtu alijifanya kukimbia uchawi, wengine wakacheka. Alivumilia utani ule ili siku moja arudi na kazi safi, isiyo na giza lolote. Leo giza limekalia kazi yenyewe.

Mama yake, Bertilla, aliyeyasikia yote kutoka jikoni, aliingia akifuta mikono.

"Nionyeshe hicho kitu."

Herieth alimrudisha orodhani ng'ombe mmoja aliyekwisha kufa, akamfungulia kisanduku, asije akadhuru mwingine, akamsomea mama swali.

"Unamuuliza nani?" mama alisema.

"Yeyote aliyekaa mbele ya kompyuta."

"Yeyote?" Mama alikaa chini taratibu. Kiganja chake kikagusa sakafu, kikaruka. Aliigusa tena, akakwaruza kwa ukucha. Wekundu ule mweusimweusi aliufahamu. "Isdori!" aliita. "Isdori, njoo hapa!"

Isdori alikuwa uani akiosha pikipiki. Alikuja na tambara begani.

"Udongo wa sakafu hii umeutoa wapi?"

"Shambani kwa babu, njia ya Chala. Kile kichuguu kirefu."

"Kile si kichuguu. Ni ilungu."

"Ilungu, kichuguu, vyote udongo. Umeshachomwa, mgumu kuliko saruji. Nimeutwanga, nimesakafia. Mnataka nini tena?"

Herieth alimwangalia kaka yake kinywa wazi. Lile lilikuwa tanuru la kuyeyushia chuma, refu kupita watu wawili, la mwisho lililobaki la ukoo wao. Akiwa mdogo aliwahi kupigwa kwa kulikojolea.

"Ulimwuliza nani?" mama alisema.

"Nimwulize nani, mama? Wenyewe wamekufa wote."

Mama hakupandisha sauti. Alieleza kama alivyoelezwa, bila kuongeza. Tanuru lile halikuvukutwa. Lilivuta pumzi lenyewe kwa matundu ya chini, usiku na mchana, mpaka jiwe likalia chuma. Aliyelivutia pumzi hiyo alikuwa ndani yake, na wazee hawakumpa jina. Kwa hiyo fundi mkuu alipotaka kuwasha, hakuuliza hewani. Hakusema, "Tuwashe?" Alimtaja mtu. "Kapele, tuwashe?" Kapele ajibu. Swali lenye jina ni la mwenye jina. Swali lisilo na jina ni la yule.

"Na kujibu kwake ni kumoja," mama alimaliza. "Anapenda kula. Atakataaje?"

"Kaka, vunja sakafu," Herieth alisema. "Udongo urudi ulikotoka."

Isdori alicheka. "Injinia wa kompyuta anaogopa sakafu! Ng'ombe wa Msukuma wameharisha, nyumba yangu ndiyo ivunjwe?"

Herieth alitoka, akarudi na jembe, akalipiga chini kwa nguvu zake zote. Bamba lilijikunja kama jani. Sakafu haikupata hata mkwaruzo.

"Haitatoka kwako wewe," mama alinong'ona. "Aliyebomoa ndiye mwenye kurudisha."

"Basi mtangoja," Isdori akasema, akageuka aende zake.

"Afadhali ungekufa wewe kuliko wale ng'ombe!"

Mama alimziba mdomo. Alikuwa amechelewa, neno lilishatoka, na Herieth alilisema akiwa amesimama peku juu ya udongo ule.

Mchana wote huo aliandika upya. Swali alilitia jina lake mwenyewe. Msikilizaji alimfundisha kukataa kila mguso usio na chanzo, na kupokea wa Herieth peke yake. Mama alinyunyiza maji ya baraka pembe zote nne. Matone yaligusa sakafu yakalia kama yaliyoangukia kikaangio. Kisha Herieth akajaribu.

"Herieth, ng'ombe huyu aondolewe?"

Kisanduku kilisimama. Kilingoja. Alihesabu pumzi zake, kikaendelea kungoja. Alipobonyeza Hapana kikajifunga kwa heshima. Harufu ilikatika, na ubaridi wa kawaida ukapanda kutoka sakafuni. Alimpigia Shija, Shija akasema waliobaki wanakula vizuri. Mama akapiga ishara ya msalaba, akaenda kusonga ugali.

Herieth aliinua kikombe.

Kisanduku kikafunguka, bila yeye kukifungua, na safari hii mvumo ulianza kwanza, mvumo wa upepo unaopita katika bomba la udongo, wa chini sana, wa taratibu sana, ukivuta ndani na kuvuta ndani tena bila kutoa nje kamwe, na sakafu ikapata joto mpaka nyayo zikamwasha, na juu ya kioo, kwa herufi alizozichagua mwenyewe na rangi alizozipenda mwenyewe, pakaandikwa swali ambalo halikuwa mahali popote katika msimbo wake.

"Herieth, Isdori aondolewe?"

Jina la Isdori lilikuwamo kwenye orodha, kwa ajili ya maksai wake wawili. Lakini hapakutajwa ng'ombe.

Alibonyeza Hapana. Mvumo ukakatika. Alipekua msimbo mstari kwa mstari mpaka macho yakamwuma, asilione swali lile. Alichoelewa ni kidogo na kilimtosha. Alikuwa amemnyima yule ruhusa ya kujibu. Sasa yule amejifunza kuuliza. Na anauliza kama wazee walivyotaka, kwa jina.

Alimweleza Isdori, akapiga magoti kabisa. "Kaka, nakuomba. Si kwa ajili yangu."

"Zima kompyuta ulale."

Aliizima. Kisanduku kilifunguka kwenye kioo cheusi. Aliipeleka kwa jirani. Kikafunguka kwenye simu. Kilikuja kila Isdori alipomkasirisha, na Isdori alijua kumkasirisha. Kila mara Herieth alijibu Hapana, upesi, kama anayepangusa siafu.

Ndipo Shija aliporudi. Alikuja kwa upole, kofia mkononi, kuuliza kama fidia ya ng'ombe wake wanne itazungumzwa na wazee. Isdori alimkuta mlangoni.

"Rudi ulikotoka na mizoga yako," alisema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima. "Na huyu dada yangu, kama kawaroga, mdai yeye. Mchawi ni yeye, mimi simo."

Majirani walicheka. Herieth alikuwa chumbani. Kisanduku kilikuwa kimeshafunguka mbele yake, na mvumo ulikuwa unavuta, na kidole chake kilikuwa juu ya Hapana, pale pale, hakikuwa na safari ya kwenda, ila kilikaa. Alimwona Shija kupitia dirisha akivaa kofia yake, ameinama. Alisikia kicheko cha kaka yake kikipanda juu ya vicheko vingine. Kidole kilikaa.

Kisha alibonyeza Hapana, lakini kule kukawia kulikuwa kumeshajibu kwa jina lake.

Kisanduku kikajifunga kwa heshima kama siku zote, na huko mlangoni kicheko cha Isdori kikakatika, akaanza kukohoa, na kila alipokohoa moshi ulimtoka kinywani.